Picha ya Kupanda Rurambo

Mto Mulongwe ulipofurika na kuingia katika nyumba za watu, nyumbani kwa Nyiramahoro ulichukua magodoro, masufuria na mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma ya jiko. Baada ya muda walipata magodoro mengine, masufuria mengine, na mbuzi mwingine pia. Albamu ya picha ndiyo haikupata mbadala. Waliikuta chini ya kabati lililoanguka, walipokuwa wakichota matope sebuleni. Ilikuwa imevimba, kurasa zimegandana, na kila sura iliyokuwa ndani imegeuka doa la rangi ya chai. Humo mlikuwa na picha za harusi, za ubatizo wa watoto, na ile ya studio ambayo Nyiramahoro alipigwa akiwa msichana, mkono shavuni, siku chache kabla ya kuteremka kutoka Rurambo kuja kuolewa Uvira.

Aliitupa pamoja na matope. Alikuwa na nyumba nzima ya kukausha, hakuwa na nafasi ya kulilia makaratasi.

Nyiramahoro anauza maziwa. Asubuhi Onesphore, mwenye pikipiki, humletea maziwa kutoka Luberizi katika bidoni, yale madumu ya njano, naye huyachemsha na kuyapoza. Mengine huyauza hivyo hivyo, mengine huyaacha yagande kwa ajili ya wateja wa mchana. Meza yake iko mlangoni pa nyumba. Mtaa wote humwita Mama Délice, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mume wake, Donatien, ni fundi wa baiskeli, mtu mpole anayeimba sauti ya chini katika kwaya na asiyeweza kupitisha siku bila kumtania mtu.

Mama yake Nyiramahoro bado yuko Rurambo, kule juu kwenye baridi na ng'ombe. Anaishi na Mutoni, mdogo wake Nyiramahoro. Zamani Nyiramahoro alikuwa akipanda kumwona kila kiangazi. Kisha goti lake likaanza kumsumbua, na barabara nayo ikawa haiaminiki: leo inapitika, kesho watu wanarudi na mizigo kichwani wakisema afadhali kungoja. Akangoja. Miaka ikapita akiwa bado anangoja.

Kilichobaki ni simu. Rurambo mtandao haushiki kila mahali, kwa hiyo siku ya Jumapili, baada ya ibada, Mutoni hupanda kilima kilicho nyuma ya kanisa, na hapo ujumbe wa wiki nzima huingia kwa mpigo. Jumapili moja alimtumia sauti dada yake, ambaye humwita Yaya.

"Yaya, Mama anasema anataka picha yako. Jicho moja limekwisha kabisa, lile lingine linaona kidogo tu. Anasema anataka kukuangalia vizuri wakati linaona bado. Lakini iwe picha ya sasa, hapana ya zamani."

Ya zamani hakuwa nayo. Ya sasa pia hakuwa nayo.

Délice alipoolewa na kwenda Kalemie, alimwachia mama yake simu yake. Ilikuwa imepasuka pembe moja, lakini kamera ilikuwa nzima. Mpaka siku hiyo Nyiramahoro alikuwa akiitumia kusikiliza sauti za watu na kuangalia saa. Aliingia nayo chumbani, akafunga mlango ili asionekane, akasimama dirishani, akanyoosha mkono na kujipiga. Hakuiangalia sana ile picha. Akatuma.

Jibu lilikuja Jumapili iliyofuata, na Mutoni alikuwa akicheka katikati ya maneno. "Yaya, Mama anauliza: iko nani huyu amesimama ndani ya moshi?"

Nyiramahoro aliifungua picha tena. Dirisha nyuma yake lilikuwa linawaka, na mbele ya dirisha kulikuwa na kivuli chenye kilemba. Kweli, kivuli kile kingeweza kuwa cha mtu yeyote.

Akadhani tatizo ni giza la chumbani tu. Basi jioni alisimama sebuleni, mgongo ukutani, akawasha flashi. Safari hii sura ilitoka. Paji la uso liling'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta, macho yalikuwa mekundu, na nyuma yake vilionekana bidoni tupu za njano, ndoo, kalenda, baiskeli ya mteja isiyo na gurudumu, na suruali ya Donatien iliyotundikwa msumarini. Aliona angalau ameonekana. Akatuma.

Sasa alijibu Mama mwenyewe, maana Mutoni alikuwa amerekodi maneno yake nyumbani na kuyapandisha kilimani. Sauti ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu anayeongea na kitu asichokiamini.

"Nimeona bidoni. Bidoni zako ni nzuri, iko mingi. Na suruali nimeiona. Sasa weye mwenyewe uko wapi, mwanangu?"

Donatien alicheka mpaka akaketi chini. "Suruali yangu imefika Rurambo mbele yangu!" Akaiondoa msumarini siku hiyohiyo, na hakuirudisha tena.

Picha ya tatu haikuchekesha. Nyiramahoro alikuwa ameamua kwamba ndani hakufai, atoke nje penye jua la kutosha. Akasimama uani saa sita mchana, jua likiwa juu ya utosi. Wateja walikuwa wanangoja mlangoni, basi akajipiga haraka, akatuma bila kuangalia. Jua lile la wima lilikuwa limejaza kivuli ndani ya macho yake na kingine chini ya pua. Kule Rurambo, Mama alisogeza simu karibu na lile jicho linaloona, akaona mtu mwenye mashimo mahali pa macho, akaanza kulia. Mutoni alipanda kilimani siku ya kazi, mvua ikimnyeshea, ili apige simu.

"Yaya, uko mugonjwa? Sema ukweli."

"Minye niko mzima! Nani amesema niko mugonjwa?"

"Mama amekataa kula. Anasema uso huo ni wa muntu anayekufa, na sisi tunamficha."

"Ni jua, Mutoni. Ilikuwa saa sita. Mwambie ni jua tu."

"Nimemwambia. Hanisadiki."

Nyiramahoro akarudi kuuza maziwa. Alikuwa ametaka kumpa mama yake furaha ndogo, na badala yake amemliza. Ilibidi apige tena baadaye, Mutoni angali kilimani na mama yao ameletwa mgongoni mwa kijana wa jirani, ndipo mama aisikie sauti ya binti yake na kukubali kula tena. Jioni, wakiwa mezani, alimwambia mume wake:

"Kitu hiki nitajifunza. Sitatuma picha ingine mpaka minye mwenyewe niiangalie nijijue."

"Uende studio basi," Donatien akasema. "Wako na taa kubwa."

"Studio watanipiga mara moja wanifukuze. Mama anataka kuniona kila mara. Nitajipiga hapa."

Jambo la kwanza alilolipata lilikuwa la aibu kidogo. Alikuwa akiifuta simu kwa ncha ya kitenge, akaona kile kijicho cha kamera kina utando, kama kioo cha taa ambacho hakijasafishwa. Ulikuwa mafuta ya maziwa, ya vidole vyake mwenyewe. Akakisugua kwa kitambaa kikavu, akaupiga ukuta picha kujaribu. Ukuta ulitoka na nyufa zake zote. Sehemu ya ule moshi aliouona Mama ilikuwa siagi.

Kisha akageuka. Siku ile chumbani alikuwa amelielekezea dirisha mgongo. Sasa akalielekezea uso, akarudi hatua moja kutoka hapo, na kwa mara ya kwanza akaona kwenye simu macho yake yana nuru ndani. Alikaa akijiangalia. Alikuwa na mstari kati ya nyusi ambao hakuujua.

Jambo lingine lilikuja lenyewe wakati wa kazi. Asubuhi moja alikuwa ameinama mlangoni akimimina maziwa katika beseni pana, na Élisabeth, mwalimu wa shule ya msingi anayenunua kwake, akamwambia, "Mama Délice, leo umependeza. Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu. Hata kuoga bado."

"Basi jiangalie."

Nyiramahoro akachukua kioo cha mkononi, akainama tena. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unashuka kwenye maziwa na kurudi juu, unamgusa chini ya kidevu na chini ya macho, pale ambapo uchovu hukaa. Akalisukuma beseni kando: uso ukaingia kivuli. Akalivuta: kivuli kikaondoka. Akalisukuma tena. Élisabeth alisimama na chupa yake mkononi akimwangalia muuza maziwa anayecheza na beseni.

"Na maziwa yangu je?" akauliza mwishowe.

"Ngoja kidogo, mwalimu. Niko nasoma."

Siku hizo hakuna aliyemwona Nyiramahoro amekaa bure saa za mchana, wateja wakipungua. Badala ya maziwa aliweka shuka nyeupe, akaitandaza mapajani, na ikafanya kazi ileile. Mkono wake ulipoishika simu, pua ilitoka kubwa kuliko uso, kwa hiyo akaiegemeza simu kwenye kopo, juu ya kigoda. Hapo ikawa inamtazama kutoka chini, ikamwonyesha matundu ya pua na dari. Akapandisha kigoda juu ya kreti, na kreti juu ya kreti, mpaka kamera ikawa sawa na macho yake. Akaitafuta ile alama ya saa inayoifanya kamera ingoje kidogo kabla ya kupiga. Akaipata baada ya kufungua kila kitu kilichokuwa ndani ya simu. Na kwa kuwa hakuweza kuwa kitini na nyuma ya simu kwa wakati mmoja, alisimamisha mchi wa kinu kitini, akauvika kilemba chake, akaenda kuutazama kwenye simu. Kama mchi ulikaa vizuri, na kama nyuma yake hapakuwa na ndoo wala waya inayoonekana kumtoka kichwani, basi yeye pia angekaa vizuri.

Annie, jirani yao na shemasi wa kanisa, ndiye aliyemkuta akikimbia kutoka kwenye simu kwenda kitini, ameshikilia kilemba kisidondoke.

"Mama Délice! Weye ni mutu mukubwa. Mambo haya ya kujipiga-piga ni ya batoto."

"Mama yangu anataka kuniona," Nyiramahoro akasema, bado akihema.

Annie aliangalia kreti, kopo, shuka, na mchi ulioegemezwa ukutani ukiwa umevaa kitambaa. Yeye mwenyewe mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Akasogea, akaweka vidole kwenye kilemba cha Nyiramahoro.

"Basi kimepinda," akasema. "Ngoja nikinyooshe."

Picha zilikuwa zinakuwa nzuri, lakini Nyiramahoro hakuituma hata moja. Mwanga wa asubuhi ulikuwa unapiga mlango moja kwa moja kutoka upande wa ziwa na kumfanya akunje macho. Wa mchana alikuwa ameshaukataa. Ndipo akaanza kuangalia kitu ambacho amekiona kila siku tangu aolewe. Uvira iko kati ya ziwa na milima, na milima iko upande wa magharibi. Jua huingia nyuma ya milima mapema, watu wakiwa bado sokoni. Lakini mbingu juu ya ziwa hubaki nyeupe kwa muda mrefu, na ng'ambo, milima ya Burundi huendelea kuota jua. Kwa muda huo mtaa wao wote wa Mulongwe huwa kivulini na bado kila kitu kinaonekana wazi, hadi mistari ya kiganja. Hakuna kinachong'aa na hakuna kinachojificha.

Mlango wake ulikuwa unaangalia ziwa. Alikuwa na studio miaka yote hiyo na alikuwa anauzia maziwa ndani yake.

Jioni aliyoichagua alivaa kitenge cha buluu kisicho na maua, kwa sababu cha maua kilikuwa kinamnyang'anya uso. Akaweka kiti kizingitini, nyuma yake sebule ikawa giza tupu. Akatandaza shuka mapajani. Donatien alikuwa uani akiziba mpira wa baiskeli.

Picha za mwanzo zilitoka vizuri, ila alionekana kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Akagundua alikuwa anaikodolea macho simu yote, kioo chake na ule ufa wake. Akaamua kuangalia kile kijicho tu, na kukiongelesha kama angekuwa anamwongelesha mama yake.

"Mama, niko hapa," akakiambia, polepole. "Goti linauma lakini ninakula. Donatien yuko hapa, anaziba mpira."

"Umsalimie!" Donatien akaitika bila kuinua kichwa. "Umwambie suruali nimeshaanua!"

Kamera ilipiga hapo. Nyiramahoro alikuwa ameanza kucheka, hajamaliza. Kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, mashavu yamepanda, lile pengo la jino la pembeni linaonekana, na macho yako wazi, yanakuangalia. Alikaa na simu mapajani juu ya ile shuka nyeupe, akaiangalia picha kwa muda. Halafu akamwita mume wake.

Donatien alifuta mikono, akainama. "Huyu ni weye," akasema. "Huyu ndiye ninayekaa naye."

Nyiramahoro akaituma. Picha ilimfikia Mama Jumapili ya kwanza, na jibu likangoja ya pili. Ilipofika, Nyiramahoro alisikiliza mahubiri nusu nusu. Ujumbe uliingia alipokuwa anapakua chakula, na akauweka kwa sauti ili Donatien naye asikie. Kwanza walisikika kuku wa Rurambo wakilia kwa mbali. Kisha sauti ya mama yake.

"Nyiramahoro. Nimekuona. Umezeeka, mwanangu. Ni vizuri. Minye nilikuwa nakuona kila siku katika kichwa na ule uso wa msichana, nikawa nafikiri, kama siku moja akija, nitampita njiani bila kumjua. Sasa nitakujua. Umechukua uso wa mama yangu. Hata kucheka ni kwake. Mutoni anasema nimrudishie simu yake, lakini bado niko naangalia."

Nyiramahoro aliweka mwiko chini. Donatien ndiye aliyepakua chakula siku ile.

Picha ilichapishwa mjini, kubwa, ya kutundikwa ukutani, ikafungwa katika nailoni, na Onesphore akaibeba mpaka Luberizi, akampa mtu anayepanda Rurambo na mzigo wa chumvi. Ilifika bila kukunjwa. Na kama ilivyotarajiwa, Nyiramahoro akadai malipo yake: yeye pia alitaka kumwona mama.

Mutoni alimpiga Mama picha ndani ya nyumba, karibu na moto. Ilipofika Uvira ilikuwa nyeusi, ina nukta nyekundu ya makaa. Nyiramahoro alirudisha sauti ndefu, akijisikia mwenye elimu.

"Mutoni, kwanza futa kamera. Halafu mlete Mama mpaka mlangoni, akae anaangalia nje. Weye usisimame juu yake, piga magoti mpaka muwe sawa. Mpe kitu cheupe mapajani. Na umuongeleshe, usimwambie acheke."

"Anasema mlangoni kuna baridi."

"Mfunike blanketi. Na ungoje ukungu. Ukungu ni mzuri kuliko jua, utaona."

Walibishana hivyo kwa Jumapili kadhaa. Mama alikataa shuka, akasema yeye si maiti. Akakubali kibuyu cha maziwa. Mara moja alisinzia. Mara moja ndama alipita mbele. Hatimaye ikaja picha ambayo Nyiramahoro aliipokea akiwa amesimama sokoni, akaikinga na jua kwa kiganja ili aione vizuri: Mama mlangoni, ukungu mweupe umejaa uwanjani na kumwangaza uso wote bila kivuli, blanketi mabegani, jicho moja limefifia kama maziwa yaliyochanganywa na maji, lingine linaangalia kamera kwa ukali wa mtu aliyechoka kuambiwa akae vizuri. Mikunjo yake yote ilionekana. Nyiramahoro alinunua chumvi aliyoijia na kurudi nyumbani akitembea taratibu.

Tangu hapo hawajaacha. Maziwa yakiisha mapema na mbingu ikiwa safi upande wa ziwa, Nyiramahoro huweka kiti kizingitini. Mama kule juu amekuwa mkali kuliko mwenye studio: mara amekonda, mara hiki kitambaa hakimfai, mara mbona leo hacheki, kuna nini hapo nyumbani. Nyiramahoro alipopatwa na malaria, Mama ndiye aliyeujua ugonjwa kwanza, kwa kuangalia midomo tu, akamtuma Mutoni kilimani kusema aende kupimwa. Alikwenda, na kweli ilikuwa malaria.

Wiki iliyopita Mama aliomba mkwe wake naye aonekane. Donatien alinyoa ndevu, akavaa shati la kwaya, akakaa kwenye kiti akiwa mgumu kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nyiramahoro aliweka alama ya saa, akaenda kusimama nyuma yake, akaona kwamba shuka imebaki kwenye meza.

"Usitikisike," akamwambia. "Nitaichukua."

"Sitikisiki. Lakini fanya upesi, shingo inauma."

"Sasa umeongea. Tunaanza upya."

Walianza upya mara nyingi, mpaka nuru ya ziwa ilipokuwa imebaki kidogo tu, na Annie, aliyekuwa akipita na ndoo yake, akaitua chini, akasimama nyuma ya kreti na kuwaambia wasogeleane.